Unga wa kukuza kambale: tusimwage minervali ya watoto majini

Tangu tulipoandika juu ya mabwawa ya samaki, kila siku ya posho tunapokutana swali ni lile lile: "Ule unga wa asidi amino wanaouza sokoni, tuununue ao tuuache?" Juma hili tunajibu. Tunajibu kwa yale tuliyofundishwa na fundi wa samaki, na kwa yale tuliyoyalipia sisi wenyewe kwa pesa yetu. Hatuoni haya kuyasema, maana mama anayeficha kosa lake anamwachia dada yake alirudie.

Mnalijua bwawa letu, lile lililo upande wa mfereji wa mpunga, hapa katika bonde la Ruzizi. Mwaka ule tuliweka watoto wa kambale, tukawalisha pumba ya mchele na mabaki ya ugali. Walikua polepole sana. Siku moja muuzaji mmoja akaja katika mkutano wetu na mfuko mdogo wenye maandishi ya Kifaransa. Akasema kambale wakila unga ule watakua mara mbili kwa miezi miwili. Katika sanduku la akiba mlikuwa na pesa tuliyoiweka kwa minervali ya mwezi wa tisa. Tulibishana mpaka jua likashuka. Mwishowe wengi tukainua mkono, tukanunua.

Alituambia tuunyunyize juu ya maji kila asubuhi pamoja na pumba. Tulifanya hivyo majuma sita, bila kuruka hata siku moja. Tulipovuta wavu, tulikuta kambale wachache wakubwa, wale waliokuwa wanawala wenzao, na wengine wote ni wadogo kama tulivyowaacha. Mama mweka hazina hakusema neno. Alifunga daftari lake, akaenda nyumbani. Mwezi wa tisa ulipofika, baadhi ya watoto wetu walikaa nyumbani wenzao wakienda masomoni, mpaka tulipouza mihogo.

Je, unga ule ulikuwa wa uongo? Hapana. Hilo ndilo lililotushangaza. Unga ulikuwa wa kweli, ila sisi hatukujua ni wa kazi gani.

ASIDI AMINO NI NINI?

Kila mmoja wetu amesikia neno protini pale kituo cha afya. Protini ndiyo inayojenga nyama ya mwili, ya mtoto na ya samaki pia. Lakini protini si kitu kimoja. Imeunganishwa kwa vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo ndivyo vinavyoitwa asidi amino. Kuna aina 20. Kati ya hizo, 10 samaki hawezi kujitengenezea mwilini mwake. Lazima azipate katika chakula. Mbili kati ya hizo 10 ndizo zinazopungua mara nyingi katika vyakula vya shambani: moja inaitwa lisini, ya pili methionini. Ndiyo sababu majina hayo mawili mnayaona sana juu ya mifuko.

Dada zetu washonaji wataelewa upesi. Ukiwa na kitambaa cha kushona nguo 20, lakini zipu ulizo nazo ni 5 tu, utamaliza nguo 5. Hata ukiongeza kitambaa, nguo zitabaki 5. Ndivyo ilivyo katika mwili wa kambale. Asidi amino moja ikipungua, zile nyingine nyingi hazina kazi ya kujenga nyama. Na tofauti na kitambaa, haziwezi kuwekwa kabatini zingojee zipu. Samaki anazichoma kama kuni, na mabaki yake anayatoa katika maji kama amonia, ile sumu yenye harufu ya mkojo. Kwa hiyo chakula kisichokamilika kinatupa hasara mara mbili: samaki hakui, na maji yanaharibika.

Basi unga wa lisini ao wa methionini ni zipu. Unamsaidia mwenye kitambaa tayari. Asiye na kitambaa, hata umpe mfuko mzima wa zipu, hatavaa nguo.

Wengine waliuliza kama ni dawa, ao kama ni ile mishono ya kunenepesha inayotisha watu. Sivyo. Lisini inatengenezwa viwandani kwa kuchachusha sukari na vijidudu, karibu kama sisi tunavyochachusha kasiksi. Methionini mara nyingi inatengenezwa kwa kemia. Ni asidi amino zile zile zilizo katika soya na samaki, ila zimetengwa peke yake. Mtu anayekula kambale aliyelishwa hivyo anakula samaki tu.

KAMBALE ANATAKA NINI

Kambale wetu si kama tilapia. Tilapia anaweza kuishi kwa kula majani na uchafu wa kijani ulio katika maji. Kambale anakula kila kitu, lakini tumbo lake linapenda nyama: wadudu, vyura, samaki wadogo. Katika kilo 10 za chakula, kambale mdogo anataka karibu kilo 4 ziwe protini. Akishakuwa mkubwa kidogo, kilo 3 mpaka 3 na nusu zinatosha.

Sasa tupime vyakula vyetu. Kilo 10 za unga wa muhogo hazina hata nusu kilo ya protini. Kilo 10 za mahindi zina kama kilo moja hivi, na lisini yake ni kidogo. Pumba ya mchele inapita mahindi kidogo tu. Kilo 10 za soya zina karibu kilo 4, na lisini yake ni nzuri, ila methionini inapungua. Ndagala zilizokaushwa vizuri zina kilo 6 ao zaidi, na asidi amino zote zimo kwa kipimo kinachomfaa samaki, kwa kuwa ndagala naye ni samaki.

Mnaona sasa kosa letu? Sisi tulikuwa tunalisha pumba na ugali. Kitambaa hakikuwapo. Tukanunua zipu.

Na kosa la pili ni lile la kunyunyiza. Unga wa asidi amino unayeyuka katika maji kama chumvi. Ukiumwaga juu ya bwawa, umelisha bwawa, hukulisha samaki. Lazima uingie ndani ya punje ya chakula na kufungwa humo, ili ufike tumboni kabla ya kuyeyuka. Tena, hata ukifika tumboni, unga huu unaingia katika damu upesi kuliko protini ya soya ao ya ndagala. Kwa hiyo ni vizuri kulisha mara mbili ao tatu kwa siku, kidogo kidogo, kuliko kumwaga yote asubuhi.

JARIBIO LETU

Mwaka uliofuata hatukutaka tena kuamini maneno ya mtu. Fundi wa samaki alitushauri tujaribu wenyewe. Tulishona vizimba vitatu vya wavu, tukavisimamisha kwa miti ndani ya bwawa moja, ili maji yawe yale yale. Hatukutumia chandarua cha mbu: macho yake ni madogo, yanaziba upesi, na chandarua mahali pake ni kitandani kwa mtoto. Katika kila kizimba tuliweka kambale 50 wa urefu mmoja. Hilo la urefu mmoja ni muhimu, kwa sababu kambale mkubwa anamla mdogo.

Kizimba cha kwanza kilikula soya iliyokaangwa, pumba na muhogo. Cha pili kilikula vile vile, lakini ndani ya punje tuliweka methionini na lisini kwa kipimo cha fundi. Cha tatu hakikupata unga wowote. Sehemu ya soya tuliitoa tukaweka ndagala zilizosagwa. Majuma 8 tulipima chakula kwa mizani ya sokoni na kuandika katika daftari.

Siku ya kupima, watoto walikuja wote kuangalia. Kizimba cha tatu, chenye ndagala, kilikuwa mbele. Cha pili, chenye unga, kilifuata kwa karibu. Cha kwanza kilibaki nyuma, na hakuna aliyehitaji mizani kuona hilo. Halafu tukajaribu jambo la mwisho: tukauweka unga pia katika chakula chenye ndagala za kutosha. Hatukuona tofauti yoyote. Zipu zilikuwa zimeshatosha.

Jaribio letu lilikuwa dogo, na bwawa la mwingine si bwawa letu. Lakini linakubaliana na yale mafundi wanayoyafundisha: unga wa asidi amino unasaidia pale chakula kimejaa soya na nafaka na hakina samaki. Pale chakula kimekamilika, ni pesa ya bure. Na ukizidisha kipimo, hasa cha methionini, samaki anaweza hata kupunguza kula na kukua.

NAMNA YA KUTENGENEZA CHAKULA

Hiki ndicho chakula tunachotumia sasa kwa kambale waliokwisha kupita ukubwa wa kidole. Kwa kilo 10:

– kilo 4 na nusu za soya iliyokaangwa na kusagwa;
– kilo 2 na nusu za ndagala zilizosagwa;
– kilo 2 za pumba laini ya mchele;
– kilo 1 ya unga wa muhogo, ya kushikanisha.

Ukijumlisha protini ya kila kimoja, utapata karibu kilo 3 na nusu katika zile 10.

Soya isiliwe mbichi. Ndani ya soya mbichi mna kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na moto ndio unaokiondoa. Lakini hapa wengi wetu tunaharibu. Tunakaanga mpaka inakuwa nyeusi kama kahawa, tukidhani tunaongeza utamu. Moto mkali unaua lisini kwanza kabla ya nyingine. Kwa hiyo mama anaweza kuichoma lisini yake mwenyewe kwenye sufuria asubuhi, kisha kwenda sokoni jioni kuinunua katika mfuko. Kaanga kwa moto mdogo, ukigeuza kila mara, mpaka ganda lianze kupasuka na rangi iwe ya kahawia hafifu kama ganda la ndani la karanga. Hapo ondoa. Ao uichemshe nusu saa, uianike, ndipo usage.

Ndagala za mifugo mara nyingi zimeanikwa juu ya mchanga. Chunga kwa chekecheke kabla ya kupima, la sivyo umelipia mchanga kwa bei ya samaki. Zilizo na ukungu usizitumie, wala soya ao karanga yenye ukungu; sumu yake inaua ini la samaki, na la mtu pia.

Saga vyote viwe laini. Kama unatumia unga wa asidi amino, usiumwage moja kwa moja katika beseni kubwa. Uchanganye kwanza na viganja viwili vya unga wa soya, kisha na sahani moja, kisha na beseni lote, ili kila punje ipate sehemu yake. Unga wa muhogo ukoroge katika maji ya moto uwe uji mzito, uuache upoe kidogo, kisha ukande pamoja na vingine. Pitisha katika mashine ya mkono ya kusagia nyama, halafu anika kivulini mpaka punje zivunjike kwa sauti. Jaribu punje chache katika glasi ya maji: zikikaa dakika 10 bila kumumunyika, umefaulu. Zikimumunyika upesi, ongeza uji wa muhogo.

NDAGALA ZIKIPANDA BEI

Tunajua mnachofikiri: ndagala ni ghali. Mwezi unapong'aa wavuvi wanapata kidogo, na barabara ikifungwa bei inaruka. Ni kweli. Ndipo hapo unga unapata maana. Ukipunguza ndagala na kuongeza soya, methionini ndiyo itakayopungua kwanza, na gramu chache za unga katika kila kilo ya chakula zinaweza kuziba pengo hilo. Tunasema gramu, si kilo. Kipimo kiulizwe kwa agronomu ao fundi wa mifugo, kwa sababu kinafuata vile ulivyovichanganya.

Kuna na njia nyingine zisizouzwa katika mfuko. Kumbikumbi wa msimu wa mvua, funza wanaofugwa katika taka za jikoni, minyoo ya ardhi: vyote ni protini nzuri kwa kambale. Damu ya machinjioni, ikichemshwa, ikakaushwa na kusagwa, ina lisini nyingi sana, lakini methionini yake ni kidogo. Isizidi sehemu ndogo ya chakula.

HESABU KABLA YA KUFUNGUA SANDUKU

Usimuulize muuzaji, "Samaki watakua?" Jiulize wewe, "Kilo ngapi za chakula zinanipa kilo moja ya samaki?" Tuchukue mfano. Una kambale 300, kila mmoja ana gramu 100. Wote pamoja ni kilo 30. Ukiwapa sehemu 3 kwa mia ya uzito wao, ni gramu 900 kwa siku, na kilo 27 kwa siku 30. Kama chakula chako kinahitaji kilo moja na nusu kutoa kilo moja ya samaki, umepata kilo 18. Kama kinahitaji kilo mbili na nusu, umepata chini ya kilo 11. Tofauti ni kilo 7. Sasa pima: unga wa kuziba tofauti hiyo unagharimu pesa ngapi, na kilo 7 za kambale zinauzwa pesa ngapi sokoni? Kama bei ya unga iko chini sana, nunua. Kama zinakaribiana, acha.

Soma pia kilichoandikwa kwenye mfuko, ao mpe mtoto wa sekondari akusomee. Tafuta jina la asidi amino yenyewe na kipimo chake. Mfuko wa lisini unaouzwa kwa mifugo, ule wa aina ya kloridi, katika kilo moja una karibu gramu 780 za lisini yenyewe. Mfuko unaosema tu "unakuza samaki" bila kusema ndani yake mna nini, urudishe kwa mwenyewe kwa heshima.

Na dada zetu wa Kabare na Walungu, kumbukeni baridi ya milima yenu. Kambale anapenda maji ya joto, nyuzi 25 mpaka 30. Katika maji baridi anakula kidogo na kukua kidogo, hata umpe chakula cha namna gani. Kwenu mfuko wa unga usiwe wa kwanza kununuliwa.

MTOTO KWANZA

Tunamalizia na neno ambalo mama mmoja mzee alilisema siku ya kupima samaki. Aliangalia zile ndagala katika beseni, akauliza, "Na watoto wenu, wamekula hizi?" Tulinyamaza. Katika nyumba zetu bado tunaona bwaki: miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi, mtoto hataki kucheza. Ugonjwa huu una sababu nyingi, lakini sahani yenye muhogo peke yake kila siku ni mojawapo ya njia zake.

Tangu siku ile tumeweka sheria katika kikundi. Ndagala nzima na safi ni za sufuria ya nyumbani. Zilizovunjika, vichwa na vumbi lililochungwa ni za kambale. Soya ikivunwa, kipimo cha masoso kinatengwa kwanza, kisha cha bwawa. Na kweli, tulipoisikia habari ya asidi amino kwa mara ya kwanza, tulikuwa tumeshaijua bila jina. Tunapompikia mtoto uji wa masoso, mahindi na mtama vinaleta methionini ambayo soya haina ya kutosha, na soya inaleta lisini ambayo nafaka hazina. Kila kimoja kinafunika upungufu wa mwenzake. Bwawa nalo linataka hivyo hivyo.

Mwaka huu mama mweka hazina amefungua daftari lake tena. Ukurasa mmoja ni wa chakula kilichopimwa, wa pili ni wa samaki waliopimwa. Ukurasa wa tatu, wa minervali, unajazwa kwa samaki tuliouza. Anayetaka kuuona ukurasa huo, na kuonja soya kama imekaangwa inavyofaa, aje siku ya posho na beseni lake. Tutakaanga pamoja.